Nani Alipima Hapo Juu?

Wiki chache baada ya Kimbunga Hidaya kufika kisiwani Mafia, tarehe 4 Mei 2024, niliombwa kuzungumza na walimu wa jiografia na fizikia waliokuwa wamekusanyika kwa semina ya siku tatu. Nilikwenda na kompyuta yangu, tukatundika shuka jeupe ukutani, nikawaonyesha kimbunga kile kwa picha ya vipimo vitatu, yaani picha yenye urefu, upana na kimo. Pwani yetu ililala chini kama mkeka, bahari ikatandaa upande wa kulia, na juu ya bahari ukasimama mnara wa hewa inayozunguka, katikati rangi ya machungwa, pembeni samawati. Niliugeuza mnara ule huku na huku, kisha nikaukata katikati kama mtu apasuaye papai, ili walimu waone yaliyomo ndani. Ukumbi mzima ulinyamaza. Nami, nakiri, nilifurahi kama mchezaji wa mazingaombwe aliyefanikiwa.

Ndipo mama mmoja, mwalimu wa miaka mingi, aliponyoosha mkono. "Dokta," alisema, "picha nimeipenda sana. Lakini hapo juu, kilometa kumi juu ya bahari, usiku, katika dhoruba, ni nani aliyepanda kupima?"

Nilimjibu kwa maneno mengi. Nilitaja setilaiti, nikataja kompyuta kubwa za Ulaya, nikataja milinganyo. Alinishukuru kwa adabu, akaketi. Lakini machoni pake niliona wazi kwamba sikuwa nimemjibu. Makala haya ni jibu ambalo ningepaswa kumpa siku ile. Nimelitafuta kwa muda, na katika kulitafuta nimepata rai ambayo napenda kuiweka mbele ya walimu na wanafunzi wanaolisoma jarida hili.

Rai yenyewe ni hii. Programu za kompyuta zinazochora hali ya hewa kwa vipimo vitatu zinafaa kuingia katika shule zetu za sekondari, tena zimekwisha chelewa. Lakini zisiingie peke yake. Mwanafunzi anayeonyeshwa picha ya anga kabla hajajua kipimo kinavyopatikana hufundishwa kusadiki, naye akaja shuleni ili afundishwe sayansi.

Kimo kilichosahauliwa

Kwanza nieleze kwa nini nazitetea programu hizi. Ramani za hali ya hewa tunazozichora madarasani ni bapa. Zina mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, lakini hazina juu. Mwanafunzi hujifunza kwamba upepo wa kusi huvuma kutoka kusini katikati ya mwaka, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini tangu mwisho wa mwaka; huchora mishale miwili, akapata alama zake. Mabaharia wetu waliijua mishale hiyo karne nyingi kabla ya kuwapo shule hizi, wala hawakuhitaji kuijua kwa kimo, kwa sababu tanga la jahazi halifiki mbali.

Lakini kusi ina kimo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa, Mwingereza John Findlater, alizichunguza pepo za juu katika Afrika ya Mashariki, na mnamo 1966 na 1969 alichapisha maelezo ya mkondo wa hewa uendao kasi sana, usiozidi sana kilometa moja na nusu juu ya ardhi. Mkondo huo huvuka ikweta kando ya nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, hupita Somalia, kisha hukunja kuelekea mashariki, ukapeleka unyevu katika masika ya Bara Hindi. Mwezi wa Julai kiini chake huweza kupita kasi ya meta 25 kwa sekunde, ambayo ni sawa na kilometa 90 kwa saa. Mtu aliyesimama ardhini chini yake huweza kudhani kwamba anapigwa na kusi ya kawaida tu. Leo mkondo huo huitwa kwa jina la Findlater.

Zamani, mtabiri aliyetaka kuona mambo ya namna hiyo alichora ramani moja kwa kila tabaka: moja ya pale ambapo mgandamizo wa hewa ni milibari 850, yaani kama meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, nyingine ya milibari 500, karibu meta 5,800, nyingine ya milibari 200, zaidi ya meta 12,000. Kisha alizipanga ramani hizo kichwani mwake moja juu ya nyingine. Mtabiri mzoefu aliweza kazi hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu haiwezi, wala hatuna haki ya kumlaumu.

Kompyuta zilileta msaada. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, Bill Hibbard na wenzake walitunga programu iliyoitwa Vis5D. Tarakimu tano katika jina hilo ina maana yake: vipimo vitatu vya mahali, cha nne ni wakati, na cha tano ni wingi wa mambo yanayopimwa, kama vile halijoto, unyevu na upepo. Baadaye kituo cha Unidata cha Boulder, katika jimbo la Colorado, kilitunga programu nyingine iitwayo IDV, ambayo hutolewa bila malipo na huweza kutumika katika kompyuta ya kawaida. Hiyo ndiyo niliyoitumia kwenye semina ile.

Programu kama hizi hufanya kazi tatu ambazo mwalimu anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni mkato wa wima: unachora mstari juu ya ramani, tuseme kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, nayo programu inakuonyesha hewa yote iliyo juu ya mstari huo, kana kwamba umeikata kwa kisu. Ya pili ni kuunganisha mahali pote penye thamani moja. Katika ramani bapa tunachora mistari ya kontua. Katika vipimo vitatu hatupati mstari bali tunapata ganda. Ukisema "nionyeshe kila mahali ambapo upepo una kasi ya meta 20 kwa sekunde", ganda linatokea, na ndani yake umo upepo wa kasi zaidi. Ya tatu ni kuifuata chembe ya hewa katika safari yake, ukaona ilitoka wapi, ilipanda wapi na ilishuka wapi.

Nimewaona wanafunzi wakiulewa mkondo wa Findlater kwa dakika kumi kwa njia hii, ilhali mimi niliutafuta kwa muhula mzima katika vitabu. Hiyo ni faida kubwa, wala sitaki yatakayofuata yaifute.

Kidole cha mchoraji

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Picha ya vipimo vitatu ina mambo mawili ambayo mchoraji huyafanya kwa mkono wake, na ambayo mtazamaji huyapokea kama kwamba yametoka angani.

La kwanza ni kimo. Hebu mwanafunzi achukue chaki apige hesabu ubaoni. Eneo lenye upana wa kilometa 1,000 alichore kwa upana wa meta moja. Tabaka la hewa ambamo mawingu na mvua zetu hutokea lina kimo cha kilometa 16 hivi katika nchi za tropiki. Kwa kipimo hicho hicho, tabaka hilo litakuwa na kimo cha sentimeta 1.6 tu. Kilimanjaro, mwenye meta 5,895, hatafika hata milimeta 6. Kwa uwiano wake wa kweli, anga letu la mvua ni jembamba kama chapati. Picha ya namna hiyo haionyeshi kitu, na kwa hiyo programu huvuta kimo mara 20, au zaidi. Kwa kufanya hivyo Kilimanjaro hugeuka sindano ya sentimeta 12. Hewa inayopanda meta 1,000 katika mwendo wa kilometa 100, mteremko ambao mpanda baiskeli angeuona kuwa si kitu, huonekana katika picha kama ngazi ya kupandia darini. Na kile kimbunga nilichowaonyesha walimu kama mnara, kwa kweli ni sahani pana inayozunguka juu ya bahari.

Kuvuta kimo si udanganyifu, ni lazima. Udanganyifu ni kutokusema.

La pili ni thamani ya ganda. Hapa nina jambo la kuungama. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari ughaibuni, nilitengeneza picha ya unyevu juu ya Afrika ya Mashariki, nikachagua ganda la unyevu wa asilimia 80. Ulitokea mto mmoja mzuri wa hewa yenye unyevu, ukitoka baharini hadi Maziwa Makuu bila kukatika. Niliandika kurasa sita juu ya mto huo. Siku ya kuzisoma kurasa hizo, mwalimu wangu aliniomba niweke asilimia 85 badala ya 80. Mto ukakatika, ukawa visiwa viwili. Akaniomba niweke 75. Ukawa mkeka uliofunika kila kitu. "Sasa niambie," alisema kwa upole, "mto wako uko angani, au uko kidoleni mwako?"

Kurasa sita zile nilizichana. Tangu siku hiyo, kila nionapo ganda zuri, jambo la kwanza nifanyalo ni kuibadili thamani yake juu na chini, nikatazama kama kitu ninachokisema kinabaki. Kikibaki, kina haki ya kuzungumzwa. Kikitoweka, nilikuwa nikiutazama uchaguzi wangu mwenyewe. Zoezi hilo lamtosha mwanafunzi wa sekondari, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko picha yenyewe.

Upepo wa Turkana

Sasa nirudi kwa swali la yule mama: nani alipima hapo juu? Jibu la kweli, mara nyingi, ni kwamba mahali hapo hasa hapakupimwa na mtu yeyote.

Picha nyingi tunazochora leo hutokana na takwimu ziitwazo ERA5, zilizotayarishwa na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambacho makao yake makuu yako mjini Reading, Uingereza. Takwimu hizi ni hazina kubwa. Zinaanzia mwaka 1940, zinatoa hali ya hewa ya kila saa kwa dunia nzima, na mtu yeyote huweza kuzipata bila malipo. Lakini yafaa tujue zinavyotengenezwa. Dunia hugawanywa katika miraba yenye upana wa kilometa 31 hivi, na hewa iliyo juu ya kila mraba hugawanywa katika matabaka 137. Kompyuta huanza kwa kutabiri hali ya muda mfupi ujao kwa sheria za fizikia. Kisha hukusanya vipimo vyote vilivyopatikana duniani, kutoka maputo, ndege, meli, vituo vya ardhini na setilaiti, ikausogeza utabiri wake ukaribiane na vipimo hivyo. Mahali penye vipimo vingi, matokeo huvifuata vipimo. Mahali pasipo na vipimo, matokeo ni fizikia na makisio.

Katika picha, mahali pa aina zote mbili hupakwa rangi ile ile. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Ganda la samawati halina doa linalosema: hapa palipimwa, hapa palikisiwa.

Mfano hauko mbali. Kaskazini mwa Kenya, baina ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kuna bonde pana la nchi tambarare liitwalo mfereji wa Turkana. Mwaka 1982 J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walichapisha habari kwamba katika mfereji huo upo mkondo wa upepo wa kasi, unaotoka kusini-mashariki, tena unavuma mwaka mzima. Hapakuwa na picha za vipimo vitatu wakati huo. Waliugundua kwa maputo madogo yaliyofuatwa angani kwa darubini ya pembe, yaani tiodolaiti, na kwa hesabu zilizoandikwa kwa mkono. Hewa inayotoka baharini hufika hapo ikabanwa na milima ya pande mbili, ikaongeza kasi, kama maji ya mpira wa bustani unapoubana kwa kidole gumba.

Mkondo huu si jambo la wataalamu peke yao. Ndio unaobeba unyevu wa Bahari ya Hindi kuuingiza ndani ya bara. Ndio pia ulioifanya Kenya isimamishe, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye nguvu ya megawati 310.

Mwezi wa Machi na Aprili 2021 watafiti walirudi kaskazini mwa Kenya na maputo yenye vyombo vya kisasa, wakaupima mkondo huo usiku na mchana. Kisha walilinganisha walichokipima na kile kilichomo katika takwimu za kompyuta, zikiwamo ERA5. Kompyuta ilikuwa inajua kwamba mkondo upo, na ilijua kwamba hupata nguvu wakati wa usiku. Lakini kasi yake iliipunguza. Upepo wa kweli ulikuwa mkali kuliko upepo wa kwenye picha.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Kwa miaka mingi mtu yeyote, popote duniani, aliweza kukaa mbele ya kompyuta akachora mkondo wa Turkana kwa rangi nzuri, akaugeuza, akaukata, akaufuata saa kwa saa. Na angekosea kasi yake. Kosa hilo halikuonekana kwa kuitazama picha zaidi. Lilionekana siku ambayo watu walichukua maputo wakaenda kuyarusha.

Ndivyo ilivyo hata kwa Hidaya. Katika miraba ya kilometa 31, jicho la kimbunga ni dogo mno lisiweze kuchorwa vema, na upepo mkali unaolizunguka hupungua kwa sababu hugawanywa juu ya mraba mzima. Ule mnara wangu ulikuwa wa kweli kwa umbo, lakini ulikuwa dhaifu kuliko kimbunga chenyewe. Mvuvi wa Kilwa ambaye angeutumia kuamua kama atatoka au hatatoka, angekuwa katika hatari. Kwa bahati njema watabiri wetu hawatumii picha moja, wala hawatumii picha peke yake. Ndiyo maana tahadhari zao hufaa kusikilizwa.

Wanaopinga

Najua yapo mawazo ya namna mbili yanayopingana na rai yangu. Wapo wasemao kwamba kuzungumza juu ya programu hizi ni anasa, kwa kuwa shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na nyingine hazina umeme wa kutegemewa. Siwabezi, maana wanasema kweli. Lakini kompyuta moja na shuka jeupe vinatosha darasa zima kwa kipindi kimoja, na takwimu huweza kubebwa katika kifaa kidogo cha kuhifadhia, bila kungoja mtandao.

Wengine husema kinyume chake: mwachie mwanafunzi afurahie picha kwanza, maswali magumu atayapata chuo kikuu. Kwa hawa jibu langu ni kali zaidi. Wengi wa wanafunzi hao hawatafika katika idara yangu. Watakuwa wakulima, wavuvi, manahodha, mabwana shamba na madiwani, na maisha yao yote wataonyeshwa picha za hali ya hewa katika simu zao, nyingine zenye asili njema, nyingine za kubuniwa. Mtu huyo ataulizia wapi swali la "nani alipima?", kama hakulizoea shuleni?

Njia ninayoipendekeza

Napendekeza, basi, mafunzo yafuate hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kupima. Kila shule iwe na kipimamvua na vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja chenye kitambaa kibichi, pamoja na daftari linalojazwa kila siku saa tatu asubuhi. Shule zilizokuwa na utaratibu huu zikauacha, ziufufue. Mwanafunzi aliyepata kuamka siku ya mvua kwenda kusoma kipimo, na siku moja akasahau, anajua maana ya nafasi tupu katika takwimu.

Hatua ya pili ni hesabu ya puto. Puto likijazwa vema hupanda kwa mwendo unaojulikana. Tuseme meta 150 kwa dakika. Baada ya dakika 4 limefika kimo cha meta 600. Mpimaji akiliona kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, basi umbali wake wa mlalo nao ni meta 600. Limesukumwa na upepo meta 600 kwa sekunde 240. Kasi ya wastani ni meta 2.5 kwa sekunde. Hii ni trigonometria ya kidato cha pili, na ndiyo hesabu iliyougundua mkondo wa Turkana. Sijui njia bora zaidi ya kumjibu mwanafunzi aulizaye trigonometria itamsaidia nini.

Hatua ya tatu ni kuchora vipimo vitatu kwa mkono. Vituo vya anga ya juu duniani hurusha maputo yenye vyombo kwa ajili ya saa mbili za kimataifa, ambazo kwetu ni saa tisa usiku na saa tisa mchana. Puto hupanda karibu kilometa 30, likipeleka habari kwa redio, kisha hupasuka. Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, kimekuwa kikiweka wazi vipimo vya maputo hayo, vikiwamo vya kituo cha Dagoretti, Nairobi, ambacho namba yake ya kimataifa ni 63741. Mwalimu achukue vipimo vya siku moja kutoka vituo vichache. Wanafunzi wachukue karatasi nne za plastiki inayopitisha nuru, moja kwa kila tabaka. Kila moja waichore ramani ya Afrika ya Mashariki, kisha waweke mshale wa upepo pale tu penye kituo. Karatasi hizo zipangwe moja juu ya nyingine, zikitenganishwa na vipande vya mti. Hiyo ni picha ya vipimo vitatu, na uzuri wake ni kwamba utupu wake unaonekana. Mwanafunzi ataona mishale michache sana, na baina yake nafasi kubwa.

Hatua ya nne ndiyo kompyuta. Wanafunzi waone takwimu za siku ile ile na saa ile ile, zikiwa zimejazwa kila mahali. Wachukue thamani zilizo juu ya Nairobi, wazipange katika jedwali la safu tatu: puto lilisema nini, kompyuta ilisema nini, tofauti ni kiasi gani. Kisha waambiwe wabadili thamani ya ganda, na wavute na kurudisha kimo. Baada ya hayo, wawe huru kuizungusha picha wapendavyo. Furaha yao haitapungua, na watajua wanachokifurahia.

Deni letu

Yamebaki maneno machache, ambayo hayawahusu walimu peke yao. Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilikubaliana juu ya kiwango cha chini cha vipimo ambavyo kila nchi inapaswa kuvitoa: vituo vya ardhini visiachane zaidi ya kilometa 200, na vituo vya kurushia maputo visiachane zaidi ya kilometa 500. Mwanafunzi huweza kuifanya hesabu mwenyewe. Tanzania ina eneo la kilometa za mraba kama 945,000. Kituo kimoja cha puto kwa kila mraba wa kilometa 500 kwa 500 ni vituo vinne hivi. Kituo kimoja cha ardhini kwa kila mraba wa kilometa 200 kwa 200 ni vituo 24 hivi. Hicho si kiwango cha fahari. Ni kiwango cha chini. Na puto hurushwa mara mbili kila siku, halirudi, na lina gharama yake.

Bara letu ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye vituo vichache zaidi vya anga ya juu kwa ukubwa wa eneo. Nasi tumefika wakati ambapo jambo hilo ni rahisi kusahaulika, kwa sababu picha imejaa. Ramani ya zamani iliyokuwa na nafasi tupu juu ya nchi yetu ilitutia aibu, na aibu ilituhimiza. Picha ya leo haina nafasi tupu. Kiongozi anayeulizwa fedha za maputo aweza kuelekeza kidole kwenye kompyuta akauliza: si tunaliona anga lote? Hatuna budi kuwa na raia wengi wanaoweza kumjibu, na raia hao wanatoka katika madarasa yetu.

Mwalimu yule wa semina sikupata kukutana naye tena. Kama anasoma makala haya, jibu langu ni hili: Mama, mahali pale hakupanda mtu. Palijazwa na hesabu, kwa kutumia vipimo vichache vilivyochukuliwa mbali na pale na kwa macho ya setilaiti. Hesabu hizo ni nzuri, lakini zinaweza kukosea, na sisi hatutajua zimekosea wapi mpaka mtu wetu apande kilimani na puto mkononi. Pengine mtu huyo sasa hivi ameketi katika darasa lako.